Pini za Kalipa Kwanza, Pedi Baadaye

Ndugu zangu, nianze bila kuzunguka. Kunyanyua gari mnajua, kwa hiyo nakumbusha jambo moja tu: jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Stendi, vile vyuma vya kuegemezea gari, ziwe mahali pake, magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi, ndipo mkono uingie. Asiye na stendi asianze kazi hii ya breki.

Sasa neno langu, lile lile ninalolirudia kila nikipewa nafasi. Watu wanabadilisha pedi na kuziacha pini za kalipa, yaani vijiti vinavyoibeba kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu. Wanatoa mbovu, wanapachika mpya, wanafunga tairi, wanaita hiyo ni breki. Baada ya miezi michache pedi moja imelika hadi chuma, nyingine bado nene, na lawama zinaangukia pedi kwamba ni feki. Pedi haina kosa.

Hebu tuitazame kalipa ya kawaida, ile ya pistoni moja, yaani kizibo kinachosukumwa na mafuta ya breki. Pistoni iko upande wa ndani tu. Ukikanyaga breki, inasukuma pedi ya ndani dhidi ya diski. Pedi ikishagota, kalipa nzima inavutwa upande wa pili, inateleza juu ya pini zake mbili na kuibana pedi ya nje. Ukiachia, raba iliyoizunguka pistoni, ambayo ilikuwa imejipinda, inajirudi na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Basi, hapo hakuna nguvu nyingine ya kutegemea. Pini ikiganda, kalipa haiendi wala hairudi.

Ndiyo maana nasema usitupe pedi za zamani kabla hujazisoma. Ya ndani imelika kuliko ya nje? Shuku pistoni isiyorudi, au pini zilizoganda hata ya ndani ikafanya kazi peke yake. Ya nje ndiyo imelika zaidi? Pini, kwa kawaida: kalipa imebana na imekataa kuachia. Pedi imelika mshazari, nene huku na nyembamba kule? Mara nyingi pini moja inateleza na mwenzake amekufa.

Kuzihudumia ni kazi ya nusu saa kwa gurudumu. Fungua kalipa, uitundike kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa breki, ule unaopitisha mafuta, maana mpira unaweza kuumia kwa ndani na usione chochote kwa nje. Chomoa pini moja moja, na ukumbuke ipi ilitoka juu na ipi chini, kwani kwenye kalipa nyingi moja ina kipande cha raba nchani na hazibadilishani. Futa grisi ya zamani yote. Pini iliyoliwa na kutu hadi ikawa na mashimo usiisugue kwa msasa ukaridhika, nunua nyingine. Safisha tundu lake pia, huko ndiko uchafu unakojificha. Mpira wa vumbi, ule unaofunika pini, ukiwa umechanika ubadilishwe, la sivyo maji yataingia tena na utakuwa umefanya kazi bure.

Halafu grisi. Najua kuna anayesema, “Grisi ni grisi, mimi napaka ya bearingi na gari linatembea.” Hapana! Grisi itokanayo na petroli, kama hiyo ya bearingi, huvimbisha raba nyingi za kwenye breki, na raba iliyovimba ndani ya tundu inaikaba pini kuliko kutu. Tumia grisi ya silikoni au ya sintetiki iliyoandikwa kuwa ni ya pini za breki. Na paka utando mwembamba tu. Ukijaza tundu, grisi na hewa hukosa pa kutokea, na pini inajisukuma nje yenyewe. Ukishaiingiza, bonyeza ukingo wa mpira wa vumbi hewa itoke, kisha isukume kwa vidole. Isipoteleza kwa nguvu ya vidole, usifunge.

Jirani ya pini kuna vibati ambavyo juu yake hukaa masikio ya pedi, yaani ncha zake mbili. Kutu huota chini yake, inavinyanyua, nafasi inabana. Vitoe, kwangua kutu hadi chuma kiwe safi. Pedi inatakiwa iingie kwa mkono. Ukihitaji nyundo, kuna kitu hujakisafisha.

Naona naonyeshwa saa, kwa hiyo haya mengine nayataja tu. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, tazama tangi la mafuta ya breki, maana mafuta hurudi huko, yasifurike yakala rangi ya gari. Pistoni za nyuma zenye handbreki ndani yake huzungushwa huku zikisukumwa. Ukizikandamiza tu utaziharibu. Handbreki ya umeme iwekwe kwanza katika hali ya matengenezo. Kwa madaraja ya mafuta ya breki, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja; DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 155, basi msiyaonee huruma mafuta yaliyokaa miaka.

Nikigusa na sasipensheni: kwenye bushi, yaani mipira ya maungio, za lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, usikaze boliti za mwisho magurudumu yakining'inia. Mpira utafungwa katika pembe isiyo yake, na gari likishuka unapindika muda wote hadi uchanike. Gari likiwa bado juu ya stendi, pandisha amu kwa jeki hadi kimo chake cha kawaida, ndipo ukaze. Nati ya katikati ya shokapu, kile kizuia mtikiso kilichovikwa springi, usiiguse kama springi haijabanwa kwa kibanio chake. Ile springi inaua.

Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Pistoni ulizozirudisha ziko mbali na pedi. Jaribu polepole mahali pasipo na watu. Kisha endesha kilomita kumi hivi, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Rimu moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, rudi kwenye pini.