Kijana Aliyeghani Gizani

Ndugu zangu wapiga picha, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu. Leo nasema juu ya picha moja tu, maana mkiniachia kumi tutakesha.

Khartoum, mji mkuu wa Sudan, tarehe 19 Juni 2019, usiku. Umeme hakuna. Intaneti imezimwa tangu mapema mwezi ule, baada ya vikosi vya usalama kuwavamia, tarehe 3, waandamanaji waliopiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi na kuua watu zaidi ya 100. Yasuyoshi Chiba, Mjapani wa shirika la habari la AFP, wakati huo kituo chake kikiwa Nairobi, anamkuta kijana amesimama katikati ya wenzake anaghani shairi. Wenzake wanaitikia. Uso wake wameumulika kwa simu.

Simu zile mtandao hazina. Hakuna wa kumtumia ujumbe, hakuna pa kurusha video. Zimebaki taa tu, na taa hiyo ndiyo iliyompa Chiba picha. Angewasha flashi, angepata uso uliong'aa, ila habari yenyewe angeifuta kwa mkono wake.

Miezi miwili nyuma, Lana Haroun alikuwa amempiga picha kwa simu yake Alaa Salah, binti mwandamanaji, amesimama juu ya gari na tobe lake jeupe, lile vazi la wanawake wa Sudan, kidole juu. Siku tatu baadaye Rais Omar al-Bashir akaondolewa madarakani baada ya miaka 30. Picha nzuri, siibezi. Lakini ile ni furaha ya watu wanaoona mlango unafunguka. Ya Chiba imepigwa baada ya mazishi. Mimi naiona ngumu zaidi, kwa sababu haina damu wala askari, na asiyesoma maelezo atadhani ni mkesha wa harusi. (Maelezo ya picha, jamani! Tunayaandika tukiwa tumeshachoka, halafu tunalalamika picha haikueleweka.)

Mwaka 2020 ilipewa tuzo ya World Press Photo ya picha ya mwaka. Mwaka 2021 jeshi likapindua serikali ya mpito, na Aprili 2023 Khartoum ikawa uwanja wa vita. Kwa hiyo msiitazame kama picha ya washindi.

Kijana wa mitambo, tuzimie taa za ukumbi. Iweke ukutani.