"Uncle" yupi? Mtoto wa Kichina alivyonibana

Haya jamani, mambo! Wakubwa shikamooni. Natembea kurudi nyumbani hapa Xiaobei, Guangzhou. Mkiniona naruka pembeni ghafla msishtuke, pikipiki za umeme hizi hazina mlio, unazisikia zimeshafika mgongoni.

Jirani yangu ana kijana wa miaka 9. Jioni namsaidia Kiingereza, mama yake ananilisha, hatudaiani. Jana walipewa sentensi waitafsiri kwa Kichina: "My uncle is coming." Maneno manne! Nikasema hii dakika moja tu.

Kijana akaweka kalamu chini. "Yupi?"

Nikamwambia uncle, basi. Akanitazama kama mtu asiye na ukoo. Kwao kaka mkubwa wa baba ni bobo, mdogo wa baba ni shushu, kaka wa mama ni jiujiu. Mume wa shangazi ni gufu, na mume wa mama mkubwa au mama mdogo ni yifu. Watu watano hao, Mwingereza kawatia wote kapu moja!

Nikacheka, maana namwelewa kabisa. Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba! Hebu mwite mjomba wako "baba mdogo" mbele ya bibi uone. Ni hii "anko" tu imetuharibu, siku hizi hata konda ni anko. Tunapoachana nao ni kwa mume wa mama mdogo: kwetu wengi naye tunamwita baba mdogo, yameisha. Wao hata wajomba wakizidi wanawapa namba, dajiu mkubwa, erjiu wa pili.

Turudi kwenye daftari. Kitabuni kuna picha, mzee na sanduku lake. Kijana akasema ana mvi, huyu bobo. Nikamuuliza, kwani mjomba haoti mvi? Akawaza weee! Mwisho akaandika bobo na alama ya kuuliza pembeni, mwalimu atajua mwenyewe.

Mimi huniita shushu tangu nihamie. Huku mtoto hata mwanaume asiyemjua humwita hivyo, ila ukionekana umemzidi baba yake umri, wewe ni bobo. Sasa wiki hii sijanyoa ndevu. Leo kanifungulia mlango, kanikagua, kasema: "Bobo, mama anauliza umekula?"

Duka la nyembe lile pale, ngojeni nivuke.