Malaria Isiyoisha: Mhadhara kwa Wahamasishaji wa Afya ya Jamii, Kisumu

Hamjamboni, akina mama na wazee wetu. Leo sitamzungumzia yule anayeokota makaratasi stendi. Huyo kila mtu anamwona. Nawazungumzia wenye unyogovu na wasiwasi uliopita kiasi, ambao wameoga, wamevaa vizuri, na mchango wa chama wametoa.

Wako wangapi? Utafiti uliofanywa Maseno, hapo jirani, na kuchapishwa 2012, ulikuta asilimia 10.8 ya watu wazima wana magonjwa haya. Ni kama mtu 1 katika kila 10. Waliolemewa zaidi ni wenye umri mkubwa na wenye maradhi ya mwili. Uliporudiwa mwaka 2013, jumla haikusogea sana, lakini wanawake walikuwa wamewapita wanaume.

Kwa nini hatuwaoni? Chukua mama anayeuza omena soko la Kibuye. Usingizi unamruka saa tisa usiku, analala macho akihesabu madeni. Asubuhi kichwa kinamgonga, mgongo unauma, moyo unaenda mbio. Anakwenda zahanati, anapimwa malaria, haipo, anapewa dawa za malaria hata hivyo. Wiki ijayo anaambiwa ni taifodi. Mwezi ujao ni vidonda vya tumbo. Kila safari mtaji unapungua, na beseni la omena linazidi kuwa dogo. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: mama, unalala vipi? Mambo uliyokuwa ukiyapenda, bado unayapenda? Hali hiyo ikimkalia karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hapo si uchovu tu.

Kwa wanaume inakuja na sura nyingine. Kijana wa bodaboda mwenye mkopo wa pikipiki hatakwambia ana huzuni. Atafoka nyumbani, atazidisha pombe. Sisi wanaume ukitujulia hali tunajibu "poa" huku tunatokota.

Na nyie mnaofuatilia wagonjwa wanaotumia ARV, yaani dawa za VVU, hili ni lenu hasa. Aliyekata tamaa huruka dozi. Kabla hujamgombeza kwamba ni mzembe, muulize moyo wake uko vipi.

Kuna jambo watu huliogopa: kuuliza habari za kujiua. Uliza. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye wameulizwa. Miaka mingi familia zilificha kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Kwa hiyo mwenye mawazo hayo mpelekeni hospitali mapema, na msimwache peke yake njiani.

Tiba ipo. Mazungumzo yenye mpangilio husaidia, na si lazima yaongozwe na daktari. Mtu wa kawaida aliyefunzwa na kusimamiwa anaweza. Dawa nazo zipo, ila huchukua wiki mbili hadi nne kabla nafuu haijaonekana, wakati kichefuchefu huja siku za mwanzo. Hapo ndipo wengi huziacha. Basi ziara yenu ya wiki ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote: mwambieni aendelee kumeza, na akizidiwa arudi kwa aliyempa, asijikatizie mwenyewe.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma.