Nimekwenda kwa binamu wa komba

Haya, asalamu aleikum, hamjambo huko nyumbani. Ngoja niisimamishe simu vizuri hapa kwenye dashibodi, maana juzi mlinisema, eti mnaona kidevu tu. Ehe, hapo sasa. Nipo ndani ya gari, nje baridi imekaza, zamu yangu inaanza saa kumi. Tuna kama nusu saa ya kupiga soga.

Kabla sijawaambia nimetoka wapi, wenzangu wa pwani nijibuni: komba si mnamjua? Yule mnyama wa usiku, macho kama taa, anayelia juu ya mnazi mpaka mgeni anadhani kuna mtoto kaachwa shambani. Kwetu Pangani mjomba wangu alikuwa mgema. Jioni anakata karara, anafunga kibuyu, tembo la mnazi linadondoka usiku kucha. Asubuhi anapanda, anakuta limepungua na pembeni kuna manyoya. Mlevi kama komba, si ndivyo tunavyosema? Mjomba alikuwa na maneno yake kuhusu huyo mnyama. Nitayafikia, msiondoke.

Sasa. Hapa ninapoishi, Durham, jimbo la North Carolina, kuna mahali panaitwa Duke Lemur Center. Ni pa Chuo Kikuu cha Duke, pameanza mwaka 1966, eneo la kama ekari 80 ndani ya msitu. Wapo lemuri zaidi ya 200, na nje ya Madagaska kwenyewe hakuna mahali pengine duniani penye kundi kubwa na la aina nyingi kama hilo. Miaka sita nimekaa mji huu napita barabara ileile kwenda kazini, sikujua. Binti yangu ndiye aliyeniambia, shuleni kwao wamesimuliwa. Haya, tukapanga nafasi, maana huendi tu kama unakwenda sokoni, tukaenda.

Lemuri ni nani? Ni ukoo mmoja na komba wetu, wale wenye pua mbichi kama ya mbwa. Ila lemuri asili yake ni Madagaska tu, na komba yuko kwetu Afrika bara. Wametenganishwa na maji ya Mlango wa Msumbiji miaka mamilioni mengi kabla hajazaliwa mtu wa kuwapa majina. Halafu sikilizeni hili, lilinifurahisha kuliko yote: kule kisiwa cha Mayotte, lemuri wanamwita komba. Hivyohivyo, komba. Na karibu na Nosy Be, kaskazini magharibi mwa Madagaska, kuna kisiwa kinaitwa Nosy Komba, yaani kisiwa cha lemuri. Neno limevuka bahari, mnyama hakuvuka. Ndugu zangu wa Ngazija, Nzuwani na Mwali mnaonitazama, niandikieni hapo chini ninyi mnamwitaje, maana kwenu pia wapo, na wanasema huenda ni watu waliowaleta kwa vyombo.

Wa kwanza kumwona alikuwa mkia-pete, yule mwenye mkia wa miraba nyeupe na nyeusi. Jua lilikuwa limechomoza kidogo. Kakaa kitako, miguu kaitanua, mikono kailaza juu ya magoti, tumbo kalielekeza juani, macho nusu kayafumba. Wallahi ni mzee wa baraza anayesubiri kahawa. Akaja jike, akamzaba kofi. Mzee akahama. Hakuuliza. Kule mwenye nyumba ni mama, anakula kwanza, anakaa anapotaka, na dume anajua nafasi yake. Binti yangu alicheka mpaka yule mama anayetuongoza akageuka kumtazama.

Lakini sikuja kuwaonyesha wanyama tu, picha mtaziona nitakapoziweka. Nilichotaka kuwasimulia ni wanachofanya nao. Kwanza, hapo utafiti wa kumuumiza mnyama hauruhusiwi. Wanamwita, anapewa tunda, akichoka anaondoka zake na kazi imekwisha. Swali lao ni moja kubwa: huyu mnyama anajua nini? Niliporudi nyumbani nikakaa kuzisoma kazi zao hadi usiku, mama watoto akanizimia taa.

Kuna moja ya mwaka 2013, ya Evan MacLean na wenzake. Wanakaa watu wawili, kila mmoja na chakula mbele yake. Mmoja kamwelekea mnyama, mwingine kampa kisogo. Lemuri anafunguliwa. Aende kuiba kwa nani? Basi. Hilo ndilo jaribio, wizi mtupu. Halafu wakalifanya gumu kidogo: mara hii mmoja anageuka ubavu. Halafu gumu zaidi: wote wawili wanamtazama, ila mmoja kafunga kitambaa cheusi machoni na mwingine kakifunga mdomoni. Lemuri 60 walipita hapo, spishi 6.

Wale wanaoishi makundi makubwa, kama mkia-pete, walikwenda kwa yule asiyeona. Wale wanaoishi wachache, kama lemuri-nguchiro ambaye familia yake ni baba, mama na watoto basi, hawakujali sana nani anatazama wapi. Kwenye kitambaa cha machoni karibu wote walikwama, wachache sana waliong'amua.

Mimi hili halikunishangaza hata kidogo. Nimelelewa nyumba ya watu kumi na nne, sinia moja, vipande vya samaki vinahesabika. Ukiwa mdogo kwenye sinia lile unajifunza macho ya kila mtu: shangazi anatazama mlango, kaka anatazama kipande kilekile unachokitazama wewe, babu anajifanya hatazami. Mwanangu huyu wa hapa, mtoto wa pekee, sahani yake mwenyewe, ukimwekea nyama na paka yupo mezani, paka anakula. Si mjinga. Hajawahi kuibiwa, basi.

Na watafiti wenyewe walilifikiria hilo, la nani mjinga na nani si mjinga. Wakawapa wanyama mtihani mwingine usio na mtu ndani yake: bomba la plastiki la kuonekana ndani, chakula kipo katikati, njia ya kuingiza mkono ipo pembeni. Ukikiona chakula ukakivamia moja kwa moja unagonga plastiki. Inabidi ujizuie, uzunguke. Hapo ukubwa wa kundi haukusaidia kitu, wa makundi makubwa na wa familia ndogo hawakuachana. Na ukubwa wa ubongo? Nao haukueleza nani atajua kuiba vizuri. Kwa hiyo wale mnaopenda kumwambia mtu "kichwa kikubwa akili ndogo", mna ushahidi nusu, tumieni kwa uangalifu.

Huyo lemuri-nguchiro aliyefeli wizi, msimdharau. Mwaka 2005 Elizabeth Brannon na wenzake walimpa hesabu. Wanatumbukiza zabibu ndani ya ndoo moja moja huku anaona, na ndoo ina sehemu ya siri chini, kwa hiyo zabibu nyingine hazipatikani. Anaruhusiwa kupekua. Akiamini zimebaki, anaendelea kupekua. Akiamini zimekwisha, anaacha. Wao wanapima muda tu. Ikaonekana anafuatilia: tofauti ikiwa maradufu, mathalani 1 na 2, au 2 na 4, anaijua. Ikiwa 2 na 3 inamchanganya. Nikamwambia mke wangu, huyu angefaa kuuza nyanya kwa mafungu, ukimpunja nusu anakukamata, ukimpunja robo mnaagana kwa amani.

Mkia-pete nao wamefundishwa kugusa kioo, kama hiki cha simu yangu. Zinatokea picha, anatakiwa aziguse kwa mpangilio aliojifunza, na kila mara picha zimebadilisha mahali. Akipatia, kinadondoka kipande cha kitu kitamu. Wanaweza. Mimi mama yangu bado tunabishana naye pa kubonyeza ili anione. Mama, samahani, najua unatazama.

Sasa hii nyingine imenigusa, na wenzangu wa ughaibuni mtanielewa. Ipek Kulahci na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton waliitoa mwaka 2018, nayo ni ya mkia-pete. Waliweka kisanduku chenye zabibu ndani, lazima mnyama agundue namna ya kukifungua. Baadhi wakajua, wengine wakawa wanawatazama wale wanaojua. Kabla na baada ya hapo wakahesabu nani anamchambua nani manyoya, maana kwa lemuri kuchambuana manyoya ndiyo salamu, ndiyo upendo, ndiyo kutembeleana. Wakaona waliojua kufungua kisanduku walianza kuchambuliwa zaidi na wenzao. Na wao hawakuongeza kuchambua wengine! Hawakuhonga, hawakujipendekeza. Wamejua kutoa zabibu tu, basi simu zikaanza kuingia.

Nacheka, lakini mnajua ninachosema. Wiki niliyopata kazi huku nilisalimiwa na binamu ambao hata bibi hakuwa na uhakika nao. Sisemi kwa ubaya. Huenda lemuri anayekuja kumchambua mwenzake anataka tu kukaa karibu aone mkono unaingia vipi. Watafiti hawakumhukumu, nami namwacha.

Haya, muda. Dakika ngapi? Ishirini. Nimalizie na lemuri aitwaye ai-ai, ndiye aliyenipeleka kule hasa. Wapo pia wale lemuri wadogo wa mkia mnene, wanaolala miezi na moyo kupiga mapigo machache kwa dakika, ila hao wana video yao.

Ai-ai ni wa usiku, chumba chake giza na taa nyekundu hafifu. Mweusi, manyoya yamesimama kama ametoka kupigwa shoti, masikio makubwa ya ngozi tupu. Kidole chake cha kati ni chembamba kama njiti ya mwavuli. Anagonga gogo kwa kidole hicho, ta-ta-ta-ta, sikio kaliinamisha karibu na mti, anasogea, anagonga tena. Akisikia palipo na uwazi anatafuna mti kwa meno, anapitisha kidole, anamvuta funza. Mtafiti mmoja wa hapo, Carl Erickson, aliwachongea vipande vya mbao vyenye mashimo ya siri ndani. Walitoboa hata mashimo yasiyo na kitu. Kwa hiyo si harufu ya funza inayomwongoza, anasikia utupu. Fundi saruji anagonga kigae hivyohivyo kujua kama kimeshika.

Na mwaka 2022 dunia nzima ilimcheka ai-ai mmoja wa hapo, jike, jina lake Kali, aliponaswa kwenye video akitia kidole hicho puani, chote, halafu akakilamba. Walipotazama picha za ndani ya kichwa cha ai-ai wakaona kidole kinafika hadi kooni. Watoto mnaotazama, msijaribu.

Lakini kilichonipeleka ni pombe. Madagaska kuna mti wa mravenala, majani yake kama feni, maua yake yana maji matamu ambayo yanaweza kuchachuka, na ai-ai huyanywa. Mwaka 2016 watu wa chuo cha Dartmouth wakawajaribu ai-ai wawili wa Durham, Morticia na Merlin. Vikombe vya maji ya sukari, vingine havina kileo, vingine vina kidogo, kikali kabisa asilimia 5. Wakachovya kidole, wakalamba, wakachagua vile vikali. Vilipokwisha waliendelea kuchovya kidole kwenye vikombe vitupu. Wawili tu, si kijiji, sawa. Ila mwilini ai-ai ana kimeng'enya cha kuvunja kileo kilichobadilika namna ileile kama chetu sisi na sokwe.

Nikampigia mjomba. Sasa ni mzee, hapandi tena mnazi, lakini kumbukumbu iko pale pale. Zamani alikuwa akituambia: komba hashuki kibuyuni ukimtazama. Mpe kisogo, jifanye unafunga kamba, utasikia tu karara linatikisika. Nikamsimulia jaribio la kisogo lote, nikamwambia, mjomba, wenzetu wamepima, wanyama wanaotafuta chakula peke yao kama komba labda hata hawajali nani anatazama. Akanisikiliza kimya mpaka mwisho.

Akauliza, "Waliweka nini mbele yao?"

Nikasema chakula, mjomba, matunda.

"Matunda." Akakohoa kidogo. "Sasa kwa tunda nani ajisumbue kujificha? Waambie waweke tembo, halafu wanipigie."

Haya jamani, saa kumi kasoro tano, naingia kazini.