Unalipia Chumba, Unatumia Sakafu

Mazungumzo na wanakikundi wa kuweka na kukopa, Dar es Salaam, yameandikwa kama yalivyosemwa

Habari za jioni mama zangu, dada zangu, na nyie kaka wawili mliojibanza mlangoni kama mnaodaiwa marejesho. Ingieni ndani, leo hatukusanyi hisa.

Mwenyekiti alinipigia akasema, "Fundi, njoo utufundishe kupamba nyumba kwa hela ndogo." Nikamuuliza, nyumba zipi? Akajibu, "Zetu hizi." Basi nimekuja kwa ajili ya zetu hizi: chumba cha kupanga, futi kumi kwa kumi, kodi ya miezi sita imeshaingia mfukoni mwa baba mwenye nyumba, na ndani yake kuna kitanda, kabati, friji, jiko, ndoo, mabegi ya nguo, watoto wawili na mgeni aliyesema anakaa wiki moja.

Tupige hesabu kidogo. Chumba hicho kina sakafu ya futi za mraba 100. Kitanda cha tano kwa sita peke yake kinakula 30. Weka kabati, weka kochi, weka friji. Hapo unapita ubavu ubavu kama kaa. Sasa inua macho. Kuta nne, kila moja futi kumi, kimo chake futi tisa: 360. Toa mlango, toa dirisha, unabaki na kama 320. Ukuta ni zaidi ya mara tatu ya sakafu, na wote umeulipia, lakini umetundikwa kalenda ya mwaka juzi na saa iliyokufa.

Bibi zetu hawakuwa hivi. Aliyekulia kijijini anakumbuka uchaga juu ya mafiga: mahindi ya mbegu yalikaa pale, moshi unayapitia, wadudu hawayataki. Anakumbuka susu, ile kamba iliyosukwa ikaning'inizwa na chungu ndani, paka anaangalia tu. Hiyo ilikuwa ghala na haikugusa sakafu hata inchi moja. Nenda Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, uingie nyumba za mawe. Vyumba vyake ni vyembamba, havifiki mita tatu kwa upana, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, huwezi kuivuta. Waliokaa humo hawakulalamika kwamba chumba kidogo. Ukuta ulikuwa mnene, nusu mita na zaidi, wakauchimbia zidaka safu kwa safu, wakaweka sahani za Kichina, vitabu, marashi. Kwa hiyo pambo na kabati vilikuwa kitu kimoja. Sisi tulipohamia vyumba vya kupanga tukaacha uchaga kijijini, tukaleta seti ya makochi.

Mimi nimefanya useremala Keko miaka mingi, na bado shelfu yangu ya kwanza nyumbani kwangu ilianguka. Saa tisa usiku. Vyombo vyote vya ndoa chini, majirani wakatoka na mapanga wakidhani wezi. Asubuhi nikaitazama ile sehemu: skrubu zilikuwa nzima, ubao mzima, ila ukutani kumebaki mashimo kama yaliyochimbwa na panya. Nilikuwa nimefunga shelfu kwenye plasta, sikuifunga kwenye ukuta. Plasta ni nguo tu, tofali ndiyo mwili. Na plasta za nyumba nyingi za kupangisha zina mchanga mwingi na saruji ya kuonjea. Ukikwaruza kwa ufunguo ikamwagika unga, hapo ujue.

Kwa hiyo, kabla hujanunua chochote, gonga ukuta kwa ngumi. Panapolia wazi kama ngoma, plasta imeachana na tofali, hapo usitundike hata picha. Panapolia kavu na zito, hapo toboa. Tundu liwe na kina cha inchi mbili na zaidi, maana nusu inchi au hata inchi nzima ya kwanza ni plasta tu. Biti ya ukuta ya milimita 8, kile kiplastiki kinachotangulia skrubu nacho cha 8, skrubu ya inchi mbili na nusu. Puliza vumbi litoke tunduni kabla ya kuingiza. Huna drili? Usinunue. Mwite fundi umeme wa mtaani, mpe hela ya soda na ya nauli, umwonyeshe matundu yote umeyaweka alama tayari kwa penseli. Dakika ishirini amemaliza. Gharama ya fundi huwa ni kufikiri mbele yake huku saa inakwenda.

Na mstari uwe sawa. Pimamaji ukilikosa, chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, toa mapovu yote, shika ncha moja huku na mwenzako ashike nyingine kule. Maji yakitulia, pande zote mbili ziko kimo kimoja. Mafundi wa msingi wanautumia kila siku, na hauna betri ya kuisha.

Ubao wa paini wa inchi moja, upana inchi nane, unatosha kabisa. Lakini kila futi mbili weka chuma cha kuubeba, kile cha umbo la L. Ukiuacha uende futi nne bila kitu katikati, miezi sita baadaye utakuwa umepinda kama machela. Vitu vizito visogezwe karibu na ukuta, vyepesi vikae ukingoni, kwa sababu mzigo ukikaa mbali na ukuta ndio unaong'oa skrubu ya juu. Mtungi wa gesi na ndoo ya maji havipandi shelfu. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na hiyo ni sakafuni, hatubishani. Na pale jiko lilipo, pazia na kanga visikaribie.

Shelfu ya juu kabisa iwekwe futi moja na nusu chini ya dari, izunguke chumba kizima kama mkanda. Hapo ndipo pa mabegi, mablanketi ya msimu wa baridi, sufuria za shughuli ambazo mnazitumia mara mbili kwa mwaka. Usitundike kitu kwenye dari la jipsamu lenyewe. Lile ni karatasi na unga. Ukitaka kuning'iniza, tafuta branda iliyo juu yake, ndiyo mbao.

Tuje kitandani. (Kicheko.) Nyie mna mawazo yenu, mimi nazungumzia uvungu.

Ukikiinua kitanda cha tano kwa sita ili uvungu upate futi moja ya wazi, umepata ujazo wa kama lita 850. Hizo ni ndoo za lita 20 zaidi ya arobaini, zimejificha, na mgeni hazioni. Wengi tunainulia kwa tofali. Tofali la saruji la bei poa linameguka pembeni, siku moja mguu unateleza. Nenda kwa seremala uombe vipande vinne vya mbao ngumu, nene, achimbe kwenye kila kimoja kijishimo cha kukaa mguu wa kitanda. Ni mabaki, mara nyingi atakupa kwa maneno mazuri. Humo uvunguni usiweke nguo moja kwa moja chini. Sakafu yetu inapumua unyevu, hasa masika. Tengeneza trei: fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili, chini plaiwudi, magurudumu manne kutoka dukani au kutoka kiti cha ofisi kilichokufa. Unavuta, unachukua, unasukuma.

Mbao zipatikane wapi? Mabaki ya viwanda vya fanicha, na paleti. Zile paleti za mizigo zilizosambaa mjini hapa ni mbao nzuri, lakini zisomeni kabla hamjaziingiza chumbani. Paleti iliyosafiri nchi na nchi imepigwa muhuri wenye alama ya suke la ngano. Ukiona herufi HT, mbao imepashwa moto: nyuzi 56 hadi kwenye kiini chake, kwa dakika 30, kuua wadudu. Ukiona MB, imefukizwa kwa dawa iitwayo methili bromidi, na hiyo ni sumu; iacheni, msiifanye kitanda cha mtoto wala shelfu ya vyombo. Isiyo na muhuri, hujui ilibeba nini, na yenye madoa ya mafuta au harufu kali usiulize mara mbili. Kuchambua paleti ni kazi, misumari yake imepinda, vaeni viatu. Kisha msasa, kwanza wa 80 halafu 120, mpaka kiganja kipite bila kuchomwa.

Kitu cha mtumba chochote, kabati, kochi, stuli, kikae nje kwanza. Angalia maungio kwa tochi. Kunguni wakiingia nyumba ya wapangaji, hawakai chumba kimoja. Mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa, anika juani, ndipo ukaribishe.

Rangi nitapita haraka kwa sababu mnaijua. Kosa kubwa ni kununua ndoo nzima ya lita 20. Zile futi 320 za ukuta ni kama mita za mraba 30. Rangi ya maji ya kawaida, ukutani palipokwisha kupakwa zamani, lita moja inafunika kama mita 10. Mkono mmoja lita tatu, mikono miwili lita sita. Ndoo ukinunua, changeni watu watatu. Na ukuta unaotoa chumvi na kubanduka chini usiufunike kwa rangi ya mafuta. Unyevu ukikosa pa kutokea utaitumbua kama malengelenge. Kwangua, paka chokaa, ukuta upumue. Ila chokaa inaunguza macho, watoto wawe mbali.

Pambo sasa. Kanga mnazo, zimejaa masanduku. Chukua moja, ibane kwenye fremu ya mbao nyembamba, pindo lote lionekane, tundika juu ya kochi. Hakuna picha ya dukani itakayoishinda. Ila someni jina la kanga kabla hamjaitundika! Kuna dada mmoja nilimtengenezea fremu, kanga nzuri, nyekundu na nyeusi, na hakuna aliyeangalia maandishi mpaka mama mkwe alipofika, akakaa, akainua macho, akasoma taratibu kwa sauti: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Chai haikunyweka siku ile. Mkeka wa ukindu nao unapendeza ukutani, lakini usiupe jua la dirishani, rangi zake hupauka.

Naam, mama mwenye ushungi wa kijani. ... Anauliza: baba mwenye nyumba amekataza kugonga hata msumari, afanyeje?

Hilo nalisikia kila mahali, na siwalaumu sana, wamebomolewa kuta. Fanya hivi. Simamisha mbao mbili za inchi mbili kwa mbili kwenye kila mwisho wa ukuta, kutoka sakafuni zikaribie dari, zifunge kwa shelfu tano kama ngazi pana. Uzito wote unashuka chini, ukuta unaegemewa tu. Shelfu ya chini iwe pana kuliko ya juu, ya chini futi moja na robo, ya juu inchi nane, ndipo isiwe rahisi kumwangukia mtoto akipanda, na watapanda. Weka vizito chini. Ukihama unafungua skrubu, unabeba. Lakini kabla ya yote kamuulize tena, ukiwa na mchoro mkononi. Mwambie idadi ya matundu, na kwamba ukihama utayaziba kwa saruji. "Nitagonga misumari" inamtisha. "Matundu manne, hapa na hapa" haimtishi.

Na mwenye ukumbi huu nimemwomba hivyo hivyo asubuhi, kaniruhusu manne. Kwa hiyo tunywe chai, halafu nyie kaka wa mlangoni mmoja ashike mpira wa maji, mwingine drili, tuwekee kikundi shelfu ya madaftari pale juu ya meza ya mweka hazina.