Maji ya Bwawa Yakitorokea kwa Jirani

ZUHURA: Leo ni kanuni ya kisheria ya Rylands dhidi ya Fletcher: nani alipe kitu hatari kikitoroka kutoka ardhini mwake. Tuanze na tukio lenyewe. Mwaka 1860, Lancashire, Uingereza. John Rylands ana kiwanda cha nguo, anahitaji maji. Anaajiri mhandisi na wakandarasi wamjengee bwawa. Wakichimba wanakutana na mashimo ya zamani ya mgodi, yamefukiwa kwa udongo. Hawayazibi.

BARAKA: Na mwenyewe hana habari?

ZUHURA: Hana habari kabisa. Desemba, bwawa halijajaa hata, shimo moja likaachia. Maji yakapita chini kwa chini mpaka mgodi wa makaa ya mawe wa Thomas Fletcher. Ukafurika.

BARAKA: Sasa hapo ndipo pagumu. Waliozembea ni mafundi. Rylands mwenyewe kosa lake lipi?

ZUHURA: Ndiyo maana Fletcher alishindwa mwanzoni. Akakata rufaa, na mwaka 1866 Jaji Blackburn akampa haki: ukileta kwenye ardhi yako, kwa faida yako, kitu ambacho kikitoroka kitadhuru watu, kukizuia ni juu yako. Kikitoka unalipa, hata kama hukuzembea. Akatoa mifano: ng'ombe wanaokula majani ya jirani, uchafu wa choo unaoingia kwenye ghala la jirani la chini ya nyumba.

BARAKA: La choo tunalijua mtaani hadi leo.

ZUHURA: Mwaka 1868 Lords, yaani House of Lords, mahakama ya mwisho ya rufaa Uingereza wakati huo, wakamuunga mkono, ila Lord Cairns akaweka sharti kwamba matumizi hayo ya ardhi yawe si ya kawaida.

BARAKA: Zuhura, mimi kanuni hii naithamini kwa jambo moja. Mwenye bwawa ndiye mwenye ramani, ndiye aliyekaa na mhandisi. Mkulima wa bondeni atajuaje tuta lilishindiliwa vipi? Ukimwambia athibitishe uzembe, umemfungia mlango wa mahakama.

ZUHURA: Kweli, lakini lazima kitu kitoke. Mwaka 1942, kwenye kiwanda cha silaha Uingereza, kombora lililipuka likamjeruhi mkaguzi akiwa kazini humo ndani. Akashindwa mbele ya Lords, kwa kuwa hakuna kilichovuka mpaka wa kiwanda.

BARAKA: Hilo siwezi kulikubali. Aliyekaribia hatari zaidi ndiye akose?

ZUHURA: Mahakama ya Juu ya India nayo haikulikubali. Mwaka 1986, baada ya gesi kuvuja kiwandani Delhi, ilisema mwenye shughuli hatari analipa bila kujali kama kitu kimetoka au la, na utetezi ulioruhusiwa chini ya kanuni ya Rylands hauna nafasi.

BARAKA: Huku kwetu mawakili wa Kenya na Tanzania bado wanaitaja kesi ya Rylands, maana tulirithi sheria ya Kiingereza. Na kila nikiisoma nakumbuka Solai, Nakuru. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba lilipasuka, watu zaidi ya 40 wakafa.

ZUHURA: Katika kesi za namna ile, utetezi wa kwanza huwa mvua: kudra ya Mungu. Mwaka 1876 uliwahi kumwokoa mwenye mabwawa Uingereza.

BARAKA: Na mwaka 1917, kesi ya Greenock kule Scotland, Lords waliukataa, ingawa mvua ilikuwa kubwa sana. Nadhani walifanya vizuri. Anayejenga bwawa juu ya makazi ya watu anajua Aprili na Mei mvua itanyesha.