Nina homa: homa gani?

Shikamooni wakubwa. Wenzangu wa zahanati, habari za asubuhi.

Hapa kwetu mgonjwa akisema "nina homa", mkono wako unakimbilia kipimo cha malaria. Vuka mpaka pale Namanga: Mkenya akisema "nina homa", mara nyingi anakusudia mafua. Na hayo mafua nayo yamebebeshwa kila kitu, kuanzia kamasi za mtoto hadi influenza inayomlaza mtu mzima juma zima. Kisha korona ikaja kukaa katikati yao.

Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Homa, kikohozi, koo, kichwa, maungo kuuma: zote zinavyo. Influenza huanza ghafla, siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa. Korona huweza kujificha hata siku 14. Mgonjwa asiyesikia harufu ya kitunguu kikikaangwa, fikiria korona kwanza. Fikiria tu, usihukumu. Wapo wanaopatwa na zote mbili kwa pamoja. Na kipimo cha malaria kikisoma chanya kwa mtoto anayehema haraka, kifua chake bado hujakimaliza.

Mwaka 2020 mafua yalitupotea. Australia, Chile na Afrika Kusini, katika majira yao ya baridi, walipima sampuli zaidi ya 83,000 wakapata influenza 51 tu. Barakoa, shule kufungwa, safari kusimama. Wengine tukazoea kwamba kila kikohozi ni korona, na zoea hilo lilitugharimu mafua yaliporudi.

Mtaniuliza: Daktari, kwa nini tuhangaike kupima ilhali wote tunawapa parasetamoli na maji? Kwa sababu ya deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini. Utafiti wa Uingereza wa 2020 ulionyesha inaokoa wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni: miligramu 6 kwa siku, zisizidi siku 10. Asiyehitaji oksijeni haimsaidii. Kwa mwenye influenza peke yake, dawa za jamii hiyo huenda zikamwongezea hatari. Nimeona watu wakichomwa sindano hiyo "ili kifua kifunguke". Tuache.

Influenza ina dawa yake, oseltamiviri: mtu mzima miligramu 75 mara mbili kwa siku, siku 5, mtoto kwa uzito wake. Hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48, kwa hiyo mjamzito, mzee, mwenye VVU, pumu au selimundu, na yeyote unayemlaza, usimsubirishe majibu ya maabara. Dawa hii haiigusi korona. Antibayotiki nazo haziui kirusi chochote kati ya hivi. Ziweke kwa nimonia ya bakteria.

Kama huna kipimo cha influenza wala cha korona, una saa ya mkononi. Hesabu pumzi dakika nzima. Na kama una kipimo cha oksijeni cha kuvisha kidoleni, kikisoma chini ya asilimia 90, mpe oksijeni na upige simu ya rufaa.

Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini. Mama yake mwambieni arudi usiku huohuo akiona mbavu zinaingia ndani mtoto anapovuta pumzi.

Haya, maswali.